Nimerudi Wete baada ya siku 19 za barabara: Mafinga, Tunduma, Kigoma na mikarafuu 56 ya Mama

mtu_wa_mtambwe:

Assalaam alaykum wanajamvi. Uzi huu mrefu, mwenye haraka apite. Nimerudi juzi kwa meli, begi bado sijalifungua, na mke wangu ananiuliza mbona nimekaa kama mtu aliyeibiwa. Sikuibiwa. Nimetoka bara tu.

Mie nina miaka arubaini na tatu, na kabla ya safari hii barabara ndefu kuliko zote niliyowahi kuendesha ni Mkoani mpaka Konde. Kisiwa chetu cha Pemba ncha kwa ncha hakifiki kilomita 70. Mtu wa hapa akikwambia "mbali" anakusudia Micheweni. Ukipotea unakwenda tu mpaka uione bahari, basi umeshajua ulipo. Sasa mita ya gari inasema tumekwenda kilomita 3,340 na ushei, na bahari tuliiona siku ya kwanza na siku ya mwisho.

Hayakuwa matembezi. Mama alifariki mwaka jana (Allah amrehemu), akatuacha watoto watano, wanaume watatu na wanawake wawili, na mikarafuu 56 kule Mtambwe aliyorithi kwa babu. Hesabu yake nyepesi: mafungu manane, kila fungu mikarafuu saba, mwanamme mafungu mawili, mwanamke moja. Kazi ni warithi wenyewe. Mie na dada yangu mdogo tuko hapa. Dada mkubwa ameolewa Mafinga. Kaka ana duka Tunduma. Kitinda mimba wetu yuko Kigoma, mwaka wa kumi na moja huu hajatia mguu Pemba. (Ukiona mji wa bara hauna duka la Mpemba, tazama vizuri, pengine mjini bado hujafika.)

Nilitaka kuwapigia simu yaishe. Mjomba akakataa katakata: "Mirathi haigawiwi hewani. Nenda ukawaone nyuso zao, na wao wauone wako." Basi nikavuka mpaka Dar, shemeji yangu wa Mbagala akaniazima Probox yake, na mtoto wa ami akaja tupokezane usukani.

Nikiri na jambo moja, maana bila hilo mengine hayatafahamika. Nilikwenda na nia yangu. Mie ndiye ninayepalilia, ndiye ninayetafuta wachumaji, ndiye ninayekimbilia majamvi wingu likitanda karafuu zimeanikwa. Nilitaka kila mmoja aniachie fungu lake kwa bei ya kindugu. Maneno nilishayapanga tangu kwenye boti.

binti_kojani:

Bei ya kindugu 😂 Hiyo tunaijua, ndiyo iliyomtoa mama yangu kwenye shamba la babu. Haya endelea, tumekaa.

mtu_wa_mtambwe:

Dar hadi Morogoro sina la kusema, ni foleni na malori. Mikumi barabara kuu inakata katikati ya hifadhi, twiga wamesimama kando ya lami kama abiria waliochelewa gari, na kuna kibao kinachokueleza faini ya kila mnyama utakayemgonga. Mtoto wa ami alikuwa anatafuta kwa sauti mnyama aliye rahisi. Mnyama hatukumgonga, ila tochi ya trafiki ya kupimia mwendo ilitumulika kwenye kijiji kimoja cha kibao cha 50, elfu thelathini zikaenda. Haki yetu, tulikuwa tunakimbia.

Ruaha Mbuyuni ukipita utadhani nchi nzima inakula vitunguu tu. Halafu mibuyu, mibuyu, mibuyu, mpaka unafika Kitonga.

Jamani Kitonga. Upande huu ukuta wa mwamba, upande ule korongo, na mbele yako lori la kontena linajikongoja, nyuma yako jingine linapumua kama ng'ombe. Kuna lililokuwa limekufa kwenye kona, limewekewa matawi ya miti nyuma yake kuonya watu. Mtoto wa ami, ambaye Mtambwe nzima inamjua kwa majigambo ya udereva, alishusha kioo akaanza Ayatul Kursiy. Alipoimaliza akaianza tena.

Mafinga baridi. Si baridi ya kipupwe chetu cha kujifunika kanga, hii inaingia mifupani. Misonobari imepangwa mistari mpaka upeo wa macho. Dada alitupokea na sweta mbili alizokwisha kuzitayarisha na mkate wa kumimina, ati unga wa mchele wa Mbeya hauumuki kama wa nyumbani. Ulikuwa mtamu, lakini sikumbishia.

Baada ya kula nikaanza hotuba yangu. Sikufika mbali. "Saba zangu sizitaki," akasema. "Kila msimu zikichumwa, toa ujira wa wachumaji, kinachobaki kiende maji ya msikiti wa Mama. Na usije ukaniletea hesabu." Akainuka kwenda kutia kuni.

dereva_wa_masafa:

Kaka nimepita Kitonga miaka kumi na minne na semi. Kupanda pale usikuogope, ogopa kushuka. Gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia, ukitaka breki zikufanyie kazi ya injini utanusa moshi kabla hujafika chini. Hayo matawi uliyoyaona yaheshimu kuliko kibao chochote.

Pole kwa msiba.

mtu_wa_mtambwe:

Ahsante dereva. Tungekujua kabla tungekuazima.

Tunduma sasa. Wasiofika: ni mpakani, ng'ambo ya pili Nakonde, Zambia, na miji yenyewe imeshikana, hujui hatua ipi inakutoa nchini. Malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo yamejipanga foleni usiyoona mwisho wake. Kaka ana duka la jumla, sukari, mchele, sabuni.

Zambia wako nyuma yetu saa moja. Simu yangu usiku ikadaka mtandao wa ng'ambo, ikajirudisha saa yenyewe bila kuniuliza. Niliitega initoe kwa Alfajiri, ikanitoa kumeshakucha kweupe, kaka anafungua duka na kunicheka: "Simu yako imelala Zambia." Wao kule wameshazoea. Wana saa ya ukutani, na simu ni kwa kuongea tu.

Kwa kaka nilidhani pataumana. Mkubwa, ana maneno, ana watoto sita. Nilimweleza huku anapima sukari kilo kilo kwenye vifuko. Hakuinua uso. "Andika bei yako nisaini." Nikataja bei, na niseme kweli, ilikuwa ya aibu. Akasaini juu ya mfuko wa sukari, akanirudishia kalamu, akaendelea kupima.

Mikarafuu kumi na minne. Nilipata kile kile nilichokifuata, na usiku ule sikulala. Sikujua kwa nini, nikasingizia kelele za malori.

chumbuni_mkongwe:

Mtu mzima, ana akili timamu, kasaini bila kushurutishwa. Hapo pana kosa gani? Mnataka mwenye kuhangaika na shamba aone haya kwa sababu wengine walichagua duka? Siku karafuu ikishuka bei hutamwona hata mmoja anapiga simu kuchangia palizi.

binti_kojani:

@chumbuni_mkongwe kosa ni hiyo bei aliyoiita mwenyewe ya aibu. Kasema yeye, si sisi.

mtu_wa_mtambwe:

Mtagombana baadaye, bado sijafika.

Tunduma hadi Sumbawanga lami safi na nchi wazi, upepo unalisukuma gari. Mbele ya hapo Mpanda, kwa katikati ya Katavi. Pale Sitalike chini ya daraja viboko wamelaliana matopeni kama magunia bandarini. Na mbung'o! Tulifunga vioo tukachemka, tukafungua tukang'atwa. Wanapenda kitu kinachokwenda, gari likisimama wanapungua, likiondoka wanakuja nalo. Mtoto wa ami alikuwa amevaa fulana ya buluu iliyoiva, wakamfanya karamu. Baadaye tukaambiwa rangi hiyo ndiyo wanayoipenda, hata mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha buluu.

Mbele ya Mpanda ulikuwa vipande vya lami na vipande vya vumbi, na kwenye kimoja cha vumbi tairi likatupasukia, la akiba nalo halina upepo. Tulikaa saa nne. Gari zilizopita ni tatu, na zote tatu zilisimama. La tatu lilikuwa na pampu. Sijui barabara yetu ya Wete–Chake kama ingetufanyia hivyo. (Fundi wa mji uliofuata alituuzia mpira uliokwishazibwa mara mbili akauita mpya, kwa hiyo msidhani nimerudi naiona bara yote ni pepo.)

mwalimu_mstaafu:

Kwenye mbung'o nichangie kidogo. Vijana wengi hawajui kwamba Unguja walikuwepo, Jozani na kwengineko, wakiua ng'ombe. Waliondoshwa miaka ya tisini: madume yalikuzwa maabara, yakapigwa mionzi yakawa tasa, yakamwagwa kwa ndege mwitu mzima. Jike likipandwa na dume tasa halizai. Wa mwisho alinaswa 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Sasa mtoto wa Unguja akisoma neno "malale" skuli anadhani ni usingizi tu.

Samahani kwa kuukata uzi. Tufikishe Kigoma.

mtu_wa_mtambwe:

Hapa naandika polepole.

Tuliingia Kigoma alasiri inakwisha. Mdogo wangu alikuwa anatusubiri njia panda na pikipiki. Nilimwacha kijana mwembamba, nimemkuta mtu ana kitambi na mvi mbili tatu za ndevu. Tulikumbatiana barabarani mpaka bodaboda wakatupigia honi.

Anauza dagaa na migebuka, ananunua mwaloni alfajiri, anaanika, anafunga, anapakia. Nyumba yake iko Ujiji. Kuna wazee pale Kiswahili chao kimekaa kipwani hasa, na mmoja alipojua nimetoka Pemba akasema, "Ahaa, Unguja!" Kwao pwani yote ni Unguja. Akanionesha miembe, akasema hii ni njia ya babu zenu. Mie nikacheka kwa fahari kama mjinga. Akaninyamazia kidogo, halafu akasema, "Na babu zetu wengine walikwenda nayo kwenu, hawakurudi." Nikakosa pa kuuweka uso.

Tukakaa barazani. Simu ikalia, mke wangu: "Tumeshaswali Magharibi, nyie mmefika?" Nikatazama ziwa. Jua bado liko juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya pili, linawaka. Nikamwambia mdogo wangu, kwao kumeshaingia usiku. Akasema, "Dakika arubaini. Mama hakukwambia?"

Hakuniambia. Au aliniambia sikusikiliza.

Ramadhani zote za miaka hii, Mama alikuwa akifungua kwa tende na maji, anaswali, halafu futari anaifunika na kawa. Sie tunakula, yeye amekaa na simu mapajani. Tukimwambia "Mama, kula kitapoa", anajibu "Bado." Mie nilidhani ni uzee, nikamwambia hata mke wangu kwamba tumbo la Mama limeshakuwa dogo. Kumbe alikuwa anasubiri jua lizame Ujiji. Anampigia, anamwuliza "Wameadhini?", akisikia naam ndiyo anafunua kawa. Miaka kumi mama yangu anafutari saa za Kigoma mbele ya macho yangu.

Na siku aliyofariki, asubuhi, tukamzika baada ya Alasiri, kama ilivyo. Mtu wa Kigoma atafika vipi? Aliniuliza kwenye simu kitu kimoja tu: "Mnamswalia saa ngapi hasa?" Nilikuwa na mambo mengi, nikamjibu mkato. Kumbe saa ile ile alisimama msikitini Ujiji na majirani zake, watu wasiomjua Mama hata kwa sura, wakamswalia ghaibu.

Asubuhi yake nikatoa karatasi. Hotuba sikuwa nayo tena, nilisema tu tunagawa. Akaisoma yote. Halafu akaanza kuniuliza mikarafuu. Si mingapi. Mmoja mmoja. Ule wa mpakani uliopigwa radi umechipua? Ile miwili iliyokuwa karibu karibu hata mchumaji anavuka juu kwa juu? Na ule uliopinda karibu na kisima, Mama aliokuwa akitundika kanga yake na chakula cha wachumaji, upo?

Nikamwambia upo.

Akasaini. Akasema fungu lake lisiuzwe, lisimamiwe, na akipata nauli atakuja msimu ujao mwenyewe kuchuma ule wa kisimani, mwengine asiuguse.

shemeji_wa_tanga:

Nimesoma hapa kwenye foleni ya benki, sasa watu wananitazama.

mwalimu_mstaafu:

Hizo dakika arubaini ni sawasawa kabisa. Dunia hugeuka digrii moja kila dakika nne. Wete iko kwenye kama digrii 39.7 mashariki, Kigoma 29.6. Baina yao digrii kumi, mara nne, arubaini. Na kwa kuwa saa ya Tanzania ni moja, kilichobaki kutofautiana ni jua tu. Kubwa zaidi: chukua ramani upige mstari kutoka Wete kwenda magharibi. Utapita Tanga, utapita Tabora, na utatokea ziwani jirani na Kigoma, maana zote ziko karibu na digrii tano kusini. Ndiyo maana dakika hizo hazizidi wala hazipungui kwa kiasi cha kuonekana, iwe kaskazi au kusi.

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja. Mfano huu wa mama yako sikuwa nao.

mjukuu_wa_manyema:

Mimi ni wa Ujiji, naishi Unguja, Mwanakwerekwe. Maneno ya yule mzee usiyachukulie kama lawama kwako. Ila nyie huku mnapenda kusema zumari ikipigwa Zanzibar wanacheza watu wa maziwa makuu. Sisi tunauliza tu, aliyebeba zumari na pembe za ndovu kichwani mpaka pwani alikuwa nani.

Karibu tena. Safari ijayo kula mgebuka kwa mawese, naona mdogo wako kakupikia kwa nazi akuridhishe.

mtu_wa_mtambwe:

@mjukuu_wa_manyema umejuaje ilikuwa nazi! Nazi yenyewe ilikuwa ya pakiti. Na ya yule mzee nimeyachukua kama alivyoyasema.

Kurudi niliendesha kama mtu anayeota. Tabora tulinunua asali lita tano, imevuja kwenye buti, shemeji bado hajui. Singida mawe makubwa yamepandana. Dodoma usiku, Dar usiku wa pili, boti, meli, nyumbani. Mtoto wa ami sasa anahadithia Kitonga barazani, lori limeshakuwa matano.

Karatasi ya kaka wa Tunduma iko mfukoni. Mjomba ameniuliza mara mbili, nimemwambia nazipanga.

chumbuni_mkongwe:

Unazipanga au unaogopa? Mpelekee mjomba karatasi. Au mrudishie kaka yako umwambie bei ya sokoni. Kukaa nayo mfukoni si uadilifu, ni uoga tu uliovaa kanzu.

binti_kojani:

Leo nakubaliana na mkongwe. Andikeni tarehe.

mtu_wa_mtambwe:

Nimerudi kwenye uzi, siku nne zimepita.

Kwa kaka nimepiga simu. Nimemwambia karatasi nimeichana, akitaka kuuza nitampa bei anayopewa mtu baki. Alinyamaza, nikasikia anaita kijana aje ashike mizani. Akasema mbona ulichelewa kupiga, mie nilikuwa nataka uniulize kama Mama alinitaja. Tulizungumza mpaka salio likakata. Hayo mengine ni yetu.

Leo asubuhi nilikwenda Mtambwe peke yangu, na daftari. Sikuwahi kuihesabu mikarafuu ile, jamani. Mie niliyejisifu hapa juu ninapalilia. Ile 56 ni hesabu ya karatasi ya babu, sie tunaikariri tu. Nimepita mmoja mmoja kama alivyoniuliza mdogo wangu. Wa radi umechipua, tena vizuri. Ile miwili iko, imezidi kushikana. Kisimani nimekuta kisiki, kimeshaota uyoga, kimezibwa na majani niliyokuwa nawalipa watu wayafyeke. Jirani anasema uliangushwa na upepo mvua za mwaka juzi, Mama aliona, akasema tusimwambie mtu.

Nimehesabu mara tatu. Hamsini na tano. Haigawiki kwa nane.

Sasa hivi Wete kumeadhiniwa, nimeswali, niko barazani naandika haya kwenye simu. Kule jua bado. Nitampigia akishaswali.